Jinsi ya Kuchimbua Historia ya Mauzo ya Darubini Iliyokoma Kutengenezwa: Mwongozo Kamili

Maswali ni yale yale kila mara. Hii darubini ya macho mawili niliyoachiwa ni ya mwaka gani? Ilipokuwa mpya iliuzwa bei gani? Kwa nini haipo tena sokoni? Na wanaojaribu kujibu hukwama mahali pale pale: wanasoma jina lililochorwa mgongoni, wanalitafuta kwenye intaneti, wanachukua mwaka wa kwanza unaojitokeza, basi. Mara nyingi mwaka huo ni wa kuanzishwa kwa kampuni, au wa modeli nyingine kabisa iliyopewa jina hilo hilo.

Hapa tunageuza mpangilio. Tunaanza na chombo chenyewe, tunaenda kwenye karatasi, kisha ndipo tunagusa bei na idadi. Shika jambo moja kabla hujaanza: kila darubini ina tarehe tatu, nazo hazilingani. Kuna siku ilipotoka kiwandani, kuna kipindi modeli yake ilipotangazwa, na kuna siku muuza duka alipomkabidhi mnunuzi. Karibu kila historia mbovu ya darubini niliyowahi kuisoma imechanganya hizo tatu.

## Vitu vya kuandaa

- Darubini yenyewe. Kama huna, tafuta picha kali za mbele, nyuma, bawaba ya katikati kwa juu na kwa chini, na lenzi za macho.
- Kioo cha kukuzia cha mara 5 hadi 10, na tochi ndogo.
- Rula yenye milimita, au kalipa.
- Kitambaa laini kikavu.
- Kila kilichokuja nayo: mkoba, kamba, vifuniko, kijitabu, kadi ya dhamana, risiti.
- Daftari, au jedwali la kompyuta lenye safu tano: dai, ushahidi, ulikoupata, tarehe, na kiwango cha uhakika.

Safu ya tano ndiyo wengi huiruka. Usiiruke. Baada ya wiki mbili hutakumbuka ni lipi ulilisoma kwenye katalogi na ni lipi ulilisikia kwa muuzaji.

## Hatua ya 1: Isome darubini kabla ya kugusa intaneti

Sababu ni moja: ukishasoma maelezo ya mtu mwingine, macho yako yataona alichokwambia.

Anza na bamba mbili za mabega, yaani zile sehemu bapa zilizo karibu na lenzi za macho. Hapo huwa na jina, ukuzaji na kipenyo, kwa mfano 8x30: namba ya kwanza ni mara ngapi darubini inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Pima lenzi kwa rula. Darubini za bei ya chini wakati mwingine hudai zaidi ya zilivyo, na tofauti hiyo nayo ni sehemu ya historia ya uuzaji wake.

Kisha geuza. Angalia kofia ya bawaba, mkono wa bawaba kwa upande wa lenzi za mbele, na ukingo wa ndani wa lenzi zenyewe. Maandishi madogo yenye thamani kubwa hupenda kukaa huko. Washa tochi na ulaze mwanga pembeni, karibu sambamba na chuma. Rangi nyeupe iliyojazwa ndani ya herufi hutoka kwa miaka ya kushikwa, lakini mfereji wa herufi hubaki, na mwanga wa pembeni huujaza kivuli mpaka namba ulizodhani zimefutika zinasomeka moja moja.

Sasa simama chini ya taa ya dari na utazame taa hiyo inavyojirudia kwenye lenzi ya mbele. Utaona taswira kadhaa ndogo, moja kwa kila uso wa kioo. Zikiwa nyeupe tupu, kioo hakina utando wa kuzuia mng'ao. Zikiwa za samawati au zambarau nyepesi, utando ni wa tabaka moja. Zikiwa za kijani au waridi iliyokolea, huenda tabaka ni nyingi. Utando wa kwanza wa aina hii ulibuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya Ujerumani, mwaka 1935, na kabla ya Vita Kuu ya Pili hazikuuzwa madukani darubini za kawaida zenye utando huo. Kwa hiyo darubini yenye samawati kwenye kila kioo haiwezi kuwa ya 1925, hata muuzaji aape.

Mwisho soma uga wa kuona, yaani upana wa eneo unaloonekana kupitia darubini. Ukiandikwa kwa futi katika yadi 1,000, chombo kililengwa kwa Marekani au masoko yanayotumia vipimo vya Kiingereza. Ukiandikwa kwa mita katika mita 1,000, kililengwa kwingine. Nyuzi moja (digrii ya pembe) ni kama futi 52.4 katika yadi 1,000, au mita 17.5 katika mita 1,000. Hivyo nyuzi 7.5, futi 393 na mita 131 ni kitu kimoja. Hesabu hii itakufaa baadaye, utakapokuta modeli ile ile kwenye katalogi za nchi mbili ikiwa na namba zinazoonekana kupingana.

Onyo. Usiifungue. Usilegeze skrubu hata moja, kwa sababu prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, zikisogea kwa upana wa unywele picha mbili hazikutani tena. Usisugue maandishi kwa dawa yoyote, na usibandue stika yoyote, hasa ile ndogo ya dhahabu yenye neno PASSED inayoonekana kwenye darubini za Japani. Huo ni muhuri wa ukaguzi wa bidhaa za kuuzwa nje.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza mtu darubini hiyo barabara bila kutaja jina la kampuni hata mara moja.

## Hatua ya 2: Mtenganishe aliyetengeneza na aliyeuza

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo usiipite mbio.

Jina lililo kubwa kwenye bamba mara nyingi ni la muuzaji. David P. Bushnell alianza biashara yake Marekani mwaka 1948 akiagiza darubini zilizotengenezwa Japani. Tasco, iliyoanzishwa mwaka 1954, nayo ilikuwa ya kuagiza na kuuza. Sears, kampuni ya maduka na katalogi ya Marekani, iliuza darubini zenye jina lake bila kumiliki kiwanda cha darubini. Kwenye bidhaa za Sears, tarakimu tatu zilizo kabla ya nukta katika namba ya modeli humtambulisha aliyeiuzia Sears bidhaa hiyo. Zinazofuata nukta ndizo modeli. Mtu anayetafuta "kiwanda cha Sears" anatafuta kitu kisichokuwepo.

Upande wa Japani, tafuta herufi J-B au J-E zikifuatwa na namba, kwa kawaida ndogo sana, kwenye bawaba au mkono wake. Hizo ni alama za viwanda. Darubini mbili zenye majina tofauti, bei tofauti na mikoba tofauti zikiwa na alama moja, umepata ushahidi kwamba zilipita kwenye mikono ya kiwanda kimoja. Wakusanyaji wameorodhesha alama hizi kwa subira kubwa; tumia orodha zao, lakini linganisha mbili au tatu, kwa kuwa hazikubaliani kila mahali.

Darubini za kijeshi za Ujerumani za Vita Kuu ya Pili zina herufi tatu ndogo badala ya jina: blc ni Carl Zeiss wa Jena, beh ni Ernst Leitz wa Wetzlar, bmj ni Hensoldt, cag ni Swarovski, cxn ni Emil Busch. Ukizikuta, punguza matumaini ya kupata katalogi. Zilipelekwa jeshini kwa mkataba, hazikutangazwa kwa wanunuzi wa kawaida.

Jina la nchi nalo hubeba tarehe:

- Made in Occupied Japan: kabla ya utawala wa majeshi washindi kumalizika Japani, Aprili 1952.
- DDR (Ujerumani Mashariki): kati ya Oktoba 1949 na Oktoba 1990.
- West Germany au Western Germany: kipindi hicho hicho, upande wa pili wa mpaka.
- Made in USSR: kabla ya mwisho wa 1991.
- Czechoslovakia: kabla ya mwisho wa 1992.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa Zeiss. Baada ya vita kampuni iligawanyika, moja ikabaki Jena, Ujerumani Mashariki, nyingine ikajijenga Oberkochen, Magharibi, na zote mbili zikadai jina. Walivutana mahakamani nchi baada ya nchi mpaka makubaliano ya London ya mwaka 1971. Matokeo yake ni kwamba darubini ya Jena ingeweza kuandikwa Carl Zeiss Jena kwenye soko moja na aus JENA tu kwenye soko jingine, ingawa imetoka kwenye benchi lile lile la kazi. Kwa hiyo ukikuta aus JENA, usiandike kwamba ni "nakala". Andika kwamba ililengwa kwa soko ambalo Jena haikuruhusiwa kutumia jina Zeiss.

Umefaulu ikiwa daftari lako lina mistari miwili tofauti, mmoja wa kiwanda na mmoja wa muuzaji, hata kama wa kiwanda bado ni mtupu.

## Hatua ya 3: Soma namba ya mfululizo kwa utaratibu wa kampuni hiyo tu

Hakuna kanuni moja ya dunia nzima. Kuna kanuni za kampuni, na kuitumia ya kampuni moja kwa nyingine huzaa upuuzi.

Darubini za Kisovieti, kama zile za viwanda vya Kazan na Zagorsk, kwa kawaida zina mwaka kwenye tarakimu mbili za mwanzo: namba inayoanza na 78 ni ya 1978. Nyingi ziliuzwa nchi za Magharibi kwa jina Tento, na utaratibu wa namba haukubadilika. Swift nayo, kwenye modeli yake maarufu ya Audubon 8.5x44, iliweka mwaka mwanzoni mwa namba.

Swarovski ya kuanzia miaka ya 1990 ina herufi kisha tarakimu. Chukua tarakimu mbili za kwanza ujumlishe na 1930. Namba inayoanza D74 ni 1930 + 74, yaani 2004.

Kwa Zeiss ya Jena namba zilikwenda kwa mfululizo mmoja mrefu uliochanganya modeli mbalimbali. Huwezi kutoa mwaka kwa hesabu. Unahitaji majedwali yaliyolinganisha namba na tarehe zinazojulikana, nayo hukupa kipindi, si siku.

Onyo. Namba inakupa tarehe ya kiwandani pekee. Darubini ingeweza kukaa ghalani kwa muagizaji miaka miwili, kisha ikakaa dirishani mwa duka miaka mingine. Risiti ya 1983 na namba ya 1980 hazipingani hata kidogo.

## Hatua ya 4: Usiliamini jina la modeli

Majina ya kuuzia huishi muda mrefu kuliko vyombo. Leitz ilitoa Trinovid mwaka 1958, na mstari huo ulidumu kwa miongo mitatu. Kuanzia 1990 jina hilo likabandikwa kwenye darubini mpya za Leica (jina la baadaye la Leitz) zenye mwili mwingine na aina nyingine ya prizimu. Anayesema "Trinovid ilitengenezwa tangu 1958" hajasema uongo, ila hajasema lolote kuhusu darubini iliyo mkononi mwake.

Bausch & Lomb ndiyo hatari zaidi. Kulikuwa na darubini zilizotengenezwa kwa kweli kule Rochester, New York, zenye sifa kubwa. Mwaka 1971 kampuni hiyo iliinunua Bushnell, na baadaye jina Bausch & Lomb likauzwa kwenye darubini zilizotengenezwa Japani. Nyingi kati ya hizo ni nzuri mno, lakini historia yake ya mauzo ni nyingine.

Herufi za nyongeza zina uzito kuliko jina. Kwenye Zeiss ya Oberkochen, B ni ya wavaa miwani, T* ni utando wa tabaka nyingi, na P ni utando wa kurekebisha awamu za mwanga kwenye prizimu, ulioanza kutumika 1988. Modeli ya Zeiss iitwayo Dialyt 10x40 ikiandikwa P ni ya 1988 au baadaye. Isiyo na P huenda ni ya zamani zaidi. Herufi moja imekupunguzia robo karne ya kubahatisha.

Umefaulu ikiwa umeandika jina kamili pamoja na kila herufi na alama, na umeorodhesha modeli nyingine zinazotumia jina hilo ili usizichanganye.

## Hatua ya 5: Tafuta katalogi na matangazo, kisha uyape tarehe

Sasa fungua intaneti.

Mahali pa kuanzia ni Internet Archive, yenye katalogi nyingi zilizopigwa skani, na Google Books, yenye miaka mingi ya magazeti kama Popular Mechanics, Popular Science na Life, kurasa za matangazo zikiwemo. Hilo la matangazo si dogo. Maktaba nyingi zilipokuwa zikijalidi magazeti ziling'oa majalada na kurasa za matangazo ili kupunguza unene. Ukiambiwa na maktaba kwamba gazeti la 1962 halina tangazo la darubini, uliza kwanza kama nakala yao ni kamili.

Katalogi za kuagiza kwa posta ni hazina, kwa sababu zilitoka kila msimu na zina bei. Ile ya Montgomery Ward ilikoma 1985, na katalogi kubwa ya Sears ilikoma 1993. Ukipata mfululizo wa miaka kadhaa, unaweza kuona modeli ikiingia, bei ikipanda, picha ikipungua ukubwa, halafu ukurasa ule ule ukapewa modeli nyingine.

Tafuta kwa lugha za watengenezaji. Kwa Kijerumani ni Fernglas au Feldstecher, kwa Kifaransa jumelles, kwa Kihispania prismáticos, kwa Kirusi бинокль, kwa Kijapani 双眼鏡. Anayetafuta kwa Kiingereza peke yake anaona soko la Marekani na Uingereza, halafu anadhani ndiyo dunia.

Katalogi nyingi hazina tarehe. Hapo ndipo uangalie mambo ambayo mchapishaji hakuyawekea nia yoyote:

- Anwani ya Marekani yenye namba fupi katikati, kama "New York 17, N.Y.", ni ya kati ya 1943 na 1963. Yenye tarakimu tano mwishoni ni ya Julai 1963 au baadaye.
- Anwani ya Ujerumani Magharibi yenye msimbo wa posta wa tarakimu nne ni kabla ya 1 Julai 1993. Yenye tano ni kuanzia siku hiyo.
- Msimbo wa posta wa Japani ulianza 1968, na ukawa wa tarakimu saba mwaka 1998.
- Bei ya Uingereza yenye shilingi na peni za zamani ni kabla ya 15 Februari 1971. Ikitaja kodi ya VAT, ni Aprili 1973 au baadaye.
- Bei ya Ujerumani kwa maki peke yake kwa kawaida ni kabla ya 2002, pesa taslimu za yuro zilipoanza kutumika.
- Mistari ya msimbopau kwenye boksi: bidhaa ya kwanza ilisomwa kwa mashine dukani mwaka 1974, kwa hiyo boksi haliwezi kuwa la kabla ya hapo.

Dalili mbili au tatu zikikutana hukupa dirisha la miaka michache. Chukulia karatasi yenye posta ya tarakimu tano ya Marekani, isiyo na msimbopau kwenye picha ya boksi, inayosifia utando wa tabaka moja kama jambo jipya. Hiyo iweke kwenye miaka ya 1960, na mashaka yako yaandike kwenye safu ya tano.

Soma pia maneno ya kusifia, kwani yanaonyesha muuzaji alimlenga nani. Miaka ya 1960 na 1970 darubini nyingi za Japani ziliuzwa kwa uga mpana kupita kiasi, na modeli za 7x35 zilifikia nyuzi 11. Kisha ukuzaji unaobadilika ukawa ndio wa kuvutia wateja. Nguvu ya kutangaza upana ilipopungua, nafasi yake ikachukuliwa na utando wa tabaka nyingi na uwezo wa kutoingiza maji. Tangazo la darubini yako likisisitiza jambo fulani, tafuta washindani wake mwaka ule walikuwa wakijisifia nini. Hapo ndipo utaelewa kwa nini iliuzika, au kwa nini haikuuzika.

Onyo. Tangazo la kwanza ulilolipata si tangazo la kwanza lililowahi kutoka. Andika "ilikuwa imetangazwa kufikia mwaka fulani", usiandike "ilizinduliwa mwaka fulani", mpaka upate tangazo lenyewe linalosema ni mpya.

## Hatua ya 6: Hataza na alama za biashara

Namba ya hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi) ikiwa imechorwa mwilini au kuchapwa kijitabuni, itafute kwenye Google Patents au Espacenet. Inakupa mwaka ambao kabla yake chombo hakiwezi kuwa kimetoka na namba hiyo. Haikupi zaidi ya hapo, kwani hataza moja iliweza kutumika miaka mingi.

Rekodi za alama za biashara za Marekani ni bora zaidi kwa kazi yetu, na ajabu ni kwamba watu wachache huzitazama. Mwombaji hutakiwa kutaja tarehe aliyoanza kulitumia jina katika biashara. Tafuta jina la modeli katika daraja la 9, ambalo ndilo la vifaa vya macho. Tarehe hiyo imetolewa na kampuni yenyewe, kwa hiyo ichukue kama ushahidi wa kampuni kuhusu nafsi yake. Nayo tarehe ya kufutwa kwa alama isikudanganye: jina linaweza kuachwa kufa kwenye daftari miaka mingi baada ya darubini ya mwisho kuuzwa.

## Hatua ya 7: Pata bei halisi, kisha uilete kwenye pesa za leo

Katika matangazo kuna bei ya orodha, na dukani kuna bei aliyolipa mtu. Umbali kati ya hizo mbili ulitegemea sheria.

Nchini Marekani, majimbo mengi yaliruhusu mtengenezaji kulazimisha bei ya rejareja, mpaka sheria ya shirikisho ya 1975 ilipoukomesha utaratibu huo. Uingereza ilichukua hatua kama hiyo kwa Sheria ya Bei za Uuzaji ya 1964. Kabla ya miaka hiyo, bei iliyochapwa mara nyingi ndiyo iliyolipwa. Baada yake, maduka ya punguzo yalishindana waziwazi, na bei ya orodha ikabaki kama dari ambalo wachache waliligusa. Kwa hiyo ukilinganisha bei ya orodha ya 1960 na ya 1980 ukasema modeli "ilipanda" kwa kiasi fulani, huenda umelinganisha vitu viwili tofauti. Kwa miaka ya baadaye tafuta matangazo ya maduka yenyewe, yale yenye safu ndefu za modeli na bei kwa herufi ndogo.

Kubadili kuwa pesa za mwaka mwingine, tumia fahirisi ya bei za walaji ya nchi husika. Kwa Marekani hutolewa na Bureau of Labor Statistics. Wastani wa 1960 ni 29.6 na wa 2000 ni 172.2. Darubini ya dola 100 mwaka 1960 ni 100 × 172.2 ÷ 29.6, yaani karibu dola 582 za mwaka 2000. Badili kwa fedha ya nchi ilikouzwa kwanza, ndipo uende kwenye fedha nyingine. Ukianza na kiwango cha kubadilishia fedha, unachanganya mfumuko wa nchi mbili.

Kwa bei za sasa za mitumba, hesabu zilizouzwa tu. Bei inayoombwa ni matumaini ya muuzaji, na matangazo yaliyodumu mwaka mzima bila mnunuzi ndiyo yanayoonekana zaidi kwa sababu hayaondoki.

Umefaulu ikiwa kila bei uliyoandika ina mwaka, nchi, na neno linaloeleza aina yake: ya orodha, ya duka, au ya mnada.

## Hatua ya 8: Kadiria zilitoka ngapi, kwa tahadhari

Kampuni chache zimewahi kutangaza idadi kwa kila modeli. Lakini namba za mfululizo zinaweza kukupa makisio. Kusanya namba nyingi uwezavyo kutoka kwenye picha za minada. Chukua kubwa kuliko zote, igawe kwa wingi wa namba ulizonazo, jumlisha na ile kubwa, toa moja.

Tuseme una namba tano na kubwa ni 8,400. 8,400 ÷ 5 ni 1,680. 8,400 + 1,680 − 1 ni 10,079. Kwa namba tano makisio hayo yanaweza kupotoka sana; kwa namba arobaini yanatulia.

Hesabu hii inadai masharti mawili: namba ziwe zilianza kwenye moja, na mfululizo uwe wa modeli hiyo peke yake. Kwa Jena haifai. Kwa namba zinazobeba mwaka mwanzoni, ondoa tarakimu za mwaka kwanza, kisha kadiria kila mwaka kivyake. Kama huna hakika na masharti, iache hatua hii. Ni heri ukurasa wenye pengo kuliko idadi ambayo wengine watainakili kwa miaka ishirini.

## Hatua ya 9: Bainisha ilikoma lini na kwa nini

Kukoma nako kuna siku tatu: kiwanda kiliposimamisha kazi, modeli ilipotolewa kwenye katalogi, na duka la mwisho lilipomaliza akiba. Kwa modeli zilizokuwepo zama za intaneti, Wayback Machine, inayohifadhi kurasa tangu 1996, hukuonyesha ukurasa wa kampuni ulivyokuwa katika tarehe mbalimbali. Tafuta nakala ya mwisho yenye modeli hiyo na nakala ya kwanza isiyo nayo. Kati ya hizo mbili ndipo ilipotoka. Kwa modeli za zamani, tazama matangazo ya maduka: bei ikianguka ghafla na maneno ya kumaliza akiba yakatokea, katalogi ya mwaka uliofuata kwa kawaida haitakuwa nayo.

Kuhusu sababu, pinga kishawishi cha kusema "haikuuzika". Modeli nzuri sana zimekoma zikiwa bado zinapendwa. Baada ya Septemba 1985, nchi kubwa zilipokubaliana kushusha dola, yen ilipanda kutoka karibu 240 kwa dola hadi chini ya 160 katika muda wa takriban mwaka mmoja. Darubini ya Japani ambayo haikuongezwa hata skrubu moja ikawa ghali mno kwa muagizaji wa Marekani. Utando wa P ulipotokea 1988, darubini za prizimu nyoofu (zile zenye mabomba yaliyonyooka) zisizo nao zilionekana zimepitwa, hata zile zilizokuwa na vioo bora. Na kampuni zenyewe hubadili mikono: Tasco ilianguka mwaka 2002, jina lake likachukuliwa na Bushnell, na modeli zake za awali zikabaki bila mtu wa kuzitunzia kumbukumbu.

Andika sababu pale tu ambapo una karatasi inayoitaja. Vinginevyo andika kilichotokea sokoni wakati huo na uache msomaji aone ukaribu wa tarehe.

## Hatua ya 10: Andika wasifu wa modeli

Ukurasa mmoja unatosha. Weka jina kamili na herufi zake, kiwanda, muuzaji, masoko, kipindi kilichothibitishwa na kipindi kinachokisiwa, bei pamoja na miaka yake, mabadiliko yaliyofanyika katikati, na jinsi ilivyokoma. Kila dai lifuatwe na ushahidi wake: picha ya maandishi mwilini, ukurasa wa katalogi, namba ya hataza. Mahali pasipo na ushahidi acha wazi, kwa sababu mwenye kijitabu au risiti inayokosekana ataona pengo hilo na kulijaza.

Kabla ya kuuweka hadharani, mpe mtu mwingine ukurasa huo pamoja na darubini moja ya modeli hiyo asiyoijua. Akiweza kusema kwa maandishi yako peke yake kama aliyoishika ni ya mwanzo, ya katikati au ya mwisho wa uzalishaji, uchapishe.